Msongo wa kazi kwa wataalamu wa kilimo: maana na vyanzo vyake

Msongo wa kazi ni hali inayompata mfanyakazi pale kazi inapomdai zaidi ya uwezo, muda au nyenzo alizonazo, na hali hiyo ikawa ya kudumu. Pilikapilika za msimu wa kupanda peke yake si msongo. Huwa msongo pale msimu unapokwisha na mwili bado haujatulia.

Mwaka 1979 Robert Karasek, mtafiti wa Marekani, alieleza kuwa kazi inayoumiza zaidi ni ile yenye madai mengi huku anayeifanya akiwa na nafasi ndogo ya kuamua. Karasek alikuwa akizungumzia maamuzi ya kazini, lakini kwenye kilimo naona jambo hili linakwenda mbali zaidi. Afisa ugani hupimwa kwa mavuno ya mashamba asiyoyalima yeye. Atashauri nafasi kati ya mimea na wakati wa kupiga dawa. Mvua haimsikii, bei haimsikii, na mkulima ana hiari ya kukataa. Pembejeo zikichelewa, anayeulizwa ni yeye.

Chanzo cha pili ni mgongano wa majukumu. Ofisi inataka ripoti na idadi ya wakulima waliofikiwa. Mkulima anataka mtu wa kuja kuangalia mahindi yanayonyauka leo. Mbaya zaidi ni pale mshauri anapopewa pia kazi ya kudai mikopo au kusimamia sheria. Asubuhi ni rafiki, jioni anakimbiwa.

Kuna na mengine yanayojulikana: eneo kubwa bila usafiri, mikataba mifupi ya miradi, kukaa cheo kimoja miaka mingi.

Madaktari wa mifugo wana mzigo wao. Katika mlipuko wa ugonjwa wa miguu na midomo nchini Uingereza mwaka 2001, zaidi ya mifugo milioni 6 iliuawa. Watu waliosomea kutibu walijikuta wakisimamia mauaji, shamba baada ya shamba.

Msongo usichanganywe na uchovu sugu wa kazi, ambao ni matokeo ya msongo usioshughulikiwa: nguvu zimekwisha, kazi inachukiza, ufanisi umeshuka. Katika uainishaji wa magonjwa uliopitishwa mwaka 2019, Shirika la Afya Duniani linautaja uchovu huo kuwa jambo la kazini, si ugonjwa.