Mkandeni mzazi, lakini punguzeni moto wa maji

Nikienda kumwangalia mzazi aliyetoka kujifungua Mbagala au Tandika, swali la kwanza huwa la bibi: "Nesi, tuanze kumkanda lini?" Hapa Dar mzazi asiyekandwa mwili kwa kitambaa cha maji ya moto huonekana hakutunzwa, na wengi huamini maji ya moto ndiyo yanayotoa damu iliyobaki tumboni.

Kazi hiyo mfuko wa uzazi huifanya wenyewe. Mama akishajifungua tu, mfuko huwa na uzito wa karibu kilo 1; kufikia wiki ya 6 haufiki hata gramu 100. Unajikaza, na mtoto akinyonya homoni ya oksitosini huukaza zaidi. Ndiyo maana tumbo linauma wakati wa kunyonyesha, hasa kwa aliyekwisha kuzaa kabla. Damu huanza nyekundu, ikapauka, mwisho ikawa ute, na yote hayo huweza kuchukua wiki 6.

Maji yanayotoa mvuke, kwa hiyo, hayaongezi kitu. Yanababua ngozi, na msamba, yaani sehemu kati ya uke na njia ya haja kubwa, ukiwa na nyuzi huumia vibaya. Aliyejifungua kwa upasuaji asikandwe tumbo kabisa.

Bibi mwenyewe simwondoi. Bila yeye nani atampikia mzazi mtori, amwogeshe, ambebe mtoto ili mama alale? Namwomba tu maji yawe ya uvuguvugu, ayapime kwa kiwiko, na asikandamize. Mkaja, ile nguo ya kufunga tumbo, nao usibane hadi mama ashindwe kuvuta pumzi. Msamba unahitaji maji safi kila baada ya haja, kujipangusa kutoka mbele kwenda nyuma, na pedi ya kubadilisha mara kwa mara. Majani na dawa za kupaka za mtaani, hapana.

Kinachonitia hofu ni mzazi kufungiwa ndani siku 40 huku kila maumivu yakiitwa "ni uzazi tu." Pedi ikilowa chapachapa ndani ya saa 1, damu ikinuka, homa ikipanda, mguu mmoja ukivimba na kuuma, au kichwa kikiuma sana na macho kuona ukungu, tafuteni bajaji usiku huohuo. Kichwa hicho na ukungu huo huweza kuwa dalili za kifafa cha mimba, ambacho huweza kumpata mama hata baada ya mtoto kuzaliwa.

Na wiki ya 6, ukimpeleka mtoto chanjo, usitoke kliniki kabla nawe hujapimwa presha na kuangaliwa kidonda.