Presha ya tanki ikishuka, dozi ya ukutani nayo inashuka

Katika upuliziaji wa dawa ukoko (inayobaki ukutani na kuua mbu anayetua) dhidi ya mbu wa malaria, wapuliziaji hufundishwa zaidi mwendo wa mkono. Noseli (ncha ya kutolea dawa) iwe sentimita 45 kutoka ukutani, mkanda wa dawa uwe na upana wa sentimita 75, mikanda ipandane kwa sentimita 5, na kila mita ichukue sekunde 2.2, ukuta wa mita 3, basi, ni sekunde 6.7. Ukifuata hayo unamaliza mita za mraba 19 kwa dakika. Ukisogea hadi sentimita 30, mkanda unabaki kama sentimita 50: katikati dawa inazidi, na kati ya mikanda unabaki ukuta mkavu ambao mbu atatua bila kudhurika.

Ila mkono mzuri hauwezi kurekebisha presha mbovu. Noseli ya aina ya 8002 hutoa mililita 757 kwa dakika kwenye presha ya psi 40. Pampu isiyo na vali ya kudhibiti mtiririko huanza na psi 55, na mpuliziaji huongeza upepo ikifika 25. Mtiririko hufuata kipeuo cha pili cha presha, kwa hiyo unaanza na mililita 890 hivi na kushuka hadi 600. Kwa mwendo uleule, ukuta wa kwanza unapata mililita 47 kwa mita ya mraba, wa mwisho 31. Nyumba ni moja, dozi mbili!

Ndiyo maana nasisitiza vali nyekundu ya kudhibiti mtiririko, ya baa 1.5 (kama psi 22). Noseli hiyohiyo sasa hutoa kama mililita 560, sawa na takriban 30 kwa mita ya mraba, tangu mwanzo hadi presha ya tanki ikaribie baa hizo 1.5. Chupa ya dawa ya Actellic 300CS ya mililita 833 katika tanki la lita 7.5 imepangiwa mita za mraba 250, yaani gramu 1 ya kiuaji kwa kila mita ya mraba.

Kila asubuhi pima kwa maji safi: puliza dakika moja kwenye jagi lenye alama. Maji yakipungua chini ya mililita hizo 560, fungua kichujio kwanza, kisha vali. Yakizidi, tundu la noseli limelika, hasa kwa dawa za unga unaochanganywa na maji. Mimi hutupa noseli inayotoa zaidi ya mpya kwa asilimia 10. Iliyoziba iloweke, uisugue kwa mswaki laini. Waya hupanua tundu, na kupuliza kwa mdomo ni kunywa sumu.