Kisu Ndicho Kilike: Matunzo na Matengenezo ya Bledi ya Trekta

TARURA, wakala wa barabara wa Tanzania ulioanza kazi mwaka 2017, unahudumia barabara za vijijini na mijini zilizo kwenye mtandao wake. Njia inayochepuka hapo na kupita katikati ya miwa au mpunga hadi ghalani ni ya mwenye shamba. Masika ikiichimba makorongo, ni yeye wa kuyaziba, na mwenye greda la kukodi hana haja ya kusafirisha mtambo wake kwa ajili ya kipande cha kilomita moja. Kwa hiyo mwenye trekta hujinunulia bledi ya nyuma, inayofungwa kwenye mikono mitatu ya trekta, au boksi la kusawazishia lenye meno ya kuchimbua kwa mbele.

Vifaa hivi havina injini wala gia, na hapo ndipo uzembe unapoanzia. Mtu anayehesabu saa za kubadilisha oili ya trekta yake huiacha bledi miaka mitano bila kuitupia jicho, hadi siku anapogundua kuwa chuma kinachokwangua ardhi si kile kilichowekwa kwa kazi hiyo.

Bledi ina bamba pana lililopinda, na chini ya bamba kuna kisu kilichofungwa kwa bolti. Bamba ni chuma laini. Kisu ni chuma kigumu, na kimewekwa pale makusudi ili kiliwe na changarawe badala ya bamba. Kikiisha unakitoa, unafunga kingine. Visu vingi vina makali pande zote mbili, chini na juu, kwa hiyo upande mmoja ukiisha unakigeuza na kuendelea. Usisubiri kiishe kabisa. Pima umbali kutoka ncha ya chini hadi vichwa vya bolti. Ikibaki sentimita moja hivi, geuza. Ukichelewa, vichwa vya bolti huanza kusagika, kisha ukingo wa bamba wenyewe, na bamba likishaliwa kisu kipya hakina pa kuegemea.

Angalia pia kinavyolika. Kisu kilichoisha upande mmoja tu kinamshtaki dereva: bledi imefungwa kwa pembe ileile msimu mzima, ikimwaga udongo upande uleule. Igeuze pembe kila unapoanza njia mpya, kisu kitalika sawasawa.

Sasa tuje kwenye kosa linaloua bledi nyingi kuliko mengine yote. Matundu ya bolti yanapanuka, bolti zinalegea, kisu kinagonga-gonga, na fundi wa kuchomelea anaitwa. Anakishika kisu kwenye bamba kwa mshono mrefu, kazi ya nusu saa, bei nafuu, na kisu kinatulia. Lakini chuma kigumu cha namna hiyo kina kaboni nyingi. Kikipashwa moto ghafla na kupoa ghafla, sehemu iliyo kando ya mshono hukauka na kuwa rahisi kuvunjika kama kioo, na jiwe la kwanza linaipasua. Na hata kisipopasuka, kikiisha hakitoki tena bila kukatwa kwa gesi pamoja na kipande cha bamba. Kilichokuwa kipuri umekifanya sehemu ya mwili.

Matundu yaliyopanuka hayadai kazi kubwa. Yajaze kwenye bamba, ambalo ni chuma laini na linakubali kuchomelewa, sawazisha kwa grainda, kisha toboa upya. Tumia bolti zenye kichwa kinachozama ndani ya kisu na shingo ya mraba isiyozunguka, za daraja la uimara la 8.8 au zaidi. Nati iliyoshikwa na kutu ikate kwa grainda bila huruma. Bolti ni rahisi kuliko saa mbili za kupigana nayo. Ukishafunga vipya, fanya kazi siku moja, kisha kaza tena zote, kwa sababu rangi na kutu iliyokuwa katikati hubanwa na kuacha nafasi.

Visu vya dukani ni ghali, na mafundi wetu wana njia mbadala mbili. Ya kwanza ni springi bapa za lori. Mimi siipendi sana. Springi imepinda, lazima ipashwe moto ili inyooke, na ikishapoa yenyewe taratibu ule ugumu uliokuwa unautafuta umepungua sana. Ya pili ni bora: kipande cha kisu kikuukuu cha greda kubwa, ukikipata kwa wauza vyuma chakavu. Shida yake ni matundu, kwani mara nyingi hayalingani na ya bledi yako. Usihangaike kutoboa kisu, utamaliza drili zote za fundi. Toboa bamba, ulifuatishe kisu.

Sehemu ya pili ya kutazama ni pini zinazoiunganisha bledi na mikono ya trekta. Trekta za kati, kama Massey Ferguson 375 zilizozoeleka hapa nchini, huwa na mikono ya chini ya pini za milimita 28, wakati bledi nyingi ndogo hutengenezwa kwa pini za milimita 22. Mkulima anafunga hivyohivyo, na milimita sita za uwazi zinageuka kuwa nyundo kila bledi inapokutana na kisiki. Bushi ya kuziba uwazi huo ni kitu kidogo sana dukani. Msumari au waya badala ya pini ya kufungia, na kipande cha nondo badala ya pini kubwa, ni mambo tunayoyakuta karibu kila shamba. Nondo haikutengenezwa kubeba mzigo wa kukatwa kwa pembeni. Hupinda kwanza, kisha inachomoka au inakatika trekta ikiwa kwenye mwendo. Minyororo ya kuzuia kuyumba nayo ikazwe, la sivyo ncha ya bledi itaifikia tairi ya nyuma, na mnajua bei ya tairi ya nyuma.

Pini kuu ambayo bledi huzungukia ina nipeli, yaani kitundu cha kupigia grisi, ambayo aghalabu imezibwa na udongo mgumu. Isafishe kabla ya kupiga grisi, na piga kila asubuhi ya kazi hadi grisi chafu itoke pembeni. Pini hii ikilegea, bledi hurukaruka na kuacha njia yenye mawimbi. Hapo dereva hulaumu udongo. Kweli, wakati mwingine ni udongo uliokauka mno, na mara nyingine ni mwendo: ukipita kilomita sita kwa saa, hata bledi isiyo na kasoro huanza kurukaruka. Lima njia udongo ukiwa na unyevu, ule unaoshikana ukiufinya bila kutoa maji. Kisu hudumu zaidi na njia hushindiliwa vizuri.

Nyufa kwenye fremu hazitaki haraka. Safisha rangi, tafuta mwisho halisi wa ufa, toboa tundu la milimita sita pale unapoishia ili usiendelee kukimbia, kisha chimba ufa wote kwa grainda uwe na umbo la V kabla ya kujaza. Rodi za kuchomelea za 6013 zinazouzwa kila duka zinatosha kwa viraka vya bamba. Kwa fremu inayobeba mzigo tumia 7018, lakini ziwe kavu. Pakiti iliyokaa wazi masika nzima imenyonya unyevu, na mshono wake utapasuka kutokea ndani. Ukiongeza bamba la kuimarisha, likate kwa umbo la almasi badala ya mraba. Mshono unaokata fremu kwa upana ndio mwanzo wa ufa mwingine.

Kabla ya kuchomelea, ifungue bledi kutoka kwenye trekta. Isipowezekana, chomoa waya za betri na za alteneta, na klipu ya ardhi ya mashine ya kuchomelea ishike chuma kilekile kinachochomelewa, karibu kabisa na mshono. Na usiingie chini ya bledi iliyoshikiliwa na haidroliki peke yake, hata kwa dakika moja. Iteremshe juu ya magogo, zima injini, ondoa ufunguo. Mpira wa haidroliki unaovuja usiupapase kwa mkono: oili yenye mgandamizo mkubwa hupenya ngozi, na jeraha lake linahitaji hospitali siku hiyohiyo hata kama halitoi damu. Tumia kipande cha boksi la karatasi kutafuta panapovuja.

Anayenunua bledi iliyotumika asidanganywe na rangi mpya. Lala chini utazame ukingo wa chini kwa nyuma. Ukiona nati zote na uzi wake, zungumza bei. Ukikuta mshono wa kuchomelea mahali pa nati, toa kwanza gharama ya kisu kipya na ya kulijenga upya bamba, kisha ndipo utaje bei yako.