Nyambizi za Kijapani zilizobeba ndege: uvumi na ukweli

Zikitajwa silaha za ajabu za Vita Kuu ya Pili ya Dunia, hakosekani anayeileta nyambizi ya Kijapani I-400 na kudai kwamba, lau ingewahi, Marekani ingepigwa vibaya. Chombo chenyewe kinastahili sifa. Madai yanayokizunguka, mengi hayastahili.

Dhana: Wajapani ndio waliobuni nyambizi ya kubeba ndege.

Hapana. Wajerumani walijaribu mwaka 1915. Waingereza wakaja na nyambizi M2, iliyozama Januari 1932 pamoja na mabaharia wake wote 60. Wapiga mbizi walioifikia chini walikuta mlango wa banda la ndege uko wazi. Waingereza wakaachana na jambo hilo, Japani ikaendelea nalo kuliko taifa lingine lolote. Septemba 1942, rubani Nobuo Fujita alirushwa kutoka nyambizi I-25 akadondosha mabomu ya moto juu ya misitu ya Oregon, Marekani. Msitu ulikuwa umelowa, moto haukwenda mbali.

Dhana: I-400 iliibuka, ikarusha ndege, ikatoweka kabla adui hajajua.

Hapa ndipo ukubwa wake ulipoiponza. Ilikuwa na urefu wa mita 122, na juu ya sitaha ililala bomba la chuma la mita 31 lililohifadhi ndege tatu aina ya Aichi Seiran. Mabawa yalizungushwa na kukunjwa kuelekea nyuma, mkia nao ukakunjwa, ndipo ndege ikaingia. Oili ya injini ilipashwa moto nyambizi ikiwa bado chini, ili rubani asipoteze muda juu ya maji. Pamoja na maandalizi yote hayo, kuzirusha ndege tatu zenye maboya yake ya kutulia majini kulichukua kama nusu saa. Yakiachwa maboya, muda ulipungua kwa karibu nusu, lakini rubani hakuwa tena na chombo cha kutua salama majini. Ilimbidi aiangushe ndege baharini na kutumaini ataokolewa.

Nusu saa juu ya maji, mwaka 1945, Wamarekani wakiwa na rada na ndege za doria, ni hatari kubwa mno. Na ikigundulika, nyambizi hiyo ilihitaji karibu dakika nzima kuzama. Kwa kuwa mnara wake ulisogezwa kando kupisha banda la ndege, hata kwenda moja kwa moja ilikuwa kazi: ikienda polepole chini ya maji, mshika usukani alilazimika kuelekeza usukani nyuzi saba kulia ili chombo kisipinde.

Dhana: Ingeufunga Mfereji wa Panama, njia ya meli kati ya Atlantiki na Pasifiki, na kugeuza vita.

Wazo la nyambizi hizi lilitoka kwa Admirali Isoroku Yamamoto, kamanda wa majeshi ya majini ya Japani, baada ya shambulio la Pearl Harbor. Zilipangwa 18. Yamamoto aliuawa Aprili 1943, chuma kikapungua, idadi ikakatwa, na mwishowe zilikamilika tatu tu. Tetemeko la Desemba 1944 liliharibu kiwanda cha Seiran huko Nagoya, kisha mabomu ya Wamarekani yakaongezea. Mafuta yaliadimika hata I-400 ikatumwa Dalian, Uchina, kuyachukua.

Mpango ulikuwa ndege kumi kutoka nyambizi nne zipige malango ya Gatun, yanayopandisha na kushusha meli mferejini. Lakini kufikia 1945 sehemu kubwa ya nguvu ya majini ya Marekani ilikuwa tayari Pasifiki. Mfereji ungefungwa baada ya wageni kuingia. Shabaha ikabadilishwa kuwa kituo cha meli za Marekani cha Ulithi, visiwani Pasifiki, na Japani ikasalimu amri kabla ndege haijaruka. I-400 na wenzake hawakufanya shambulio hata moja. Wamarekani walizipeleka I-400 na I-401 Hawaii, wakazizamisha mwaka 1946 ili Wasovieti wasizikague.

Je, wahandisi hawakujua kazi? Walijua sana. Chombo kilichoweza kuizunguka dunia mara moja na nusu bila kuongeza mafuta hakikujengwa na wababaishaji. Walioamua kitumike kwa kazi gani ndio waliokosea. Wakati chuma na miaka vinamezwa na majitu haya, nyambizi za kawaida za Marekani zilikuwa zinazamisha zaidi ya nusu ya meli za biashara za Japani.

Dhana: Hayo yalikuwa ya Pasifiki, hayakutuhusu.

Mei 1942 ndege ndogo ya nyambizi I-30 ilipeleleza Zanzibar na Dar es Salaam. Mwezi huohuo, nyambizi ndogo za Kijapani ziliipiga manowari ya Uingereza Ramillies bandarini Diego Suarez, Madagaska. Na tarehe 12 Februari 1944, meli Khedive Ismail, iliyotoka Kilindini, Mombasa, kwenda Colombo, ilipigwa na torpedo za I-27 karibu na Maldivi. Ilizama kwa dakika chache na watu karibu 1,300, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Yanapohesabiwa mafanikio na hasara za nyambizi za Japani, vijana hao wahesabiwe kabla ya I-400: waliuawa kwa torpedo, bila ndege wala banda lake.