Bondo halipandwi kama muhogo

Kazi yangu ni kujaribu kuotesha bondo maabara kutoka kwenye seli, bila samaki. Nimeulizwa tena, safari hii na mtu mwenye shahada ya biolojia: “Kwani si mnachukua seli ya samaki, mnaitia kwenye maji yenye virutubisho, inakua, mnavuna bondo?” Hapana, ndugu yangu. Seli si pingili ya muhogo kwamba ukiichomeka ardhini, unarudi baadaye kuchimba.

Kwa aliye mbali na Ziwa: bondo ni mfuko wa hewa unaomwezesha samaki kuelea. Kwetu ni la sangara, na kwa kilo linauzwa ghali kuliko minofu yake mara nyingi, kwa sababu walaji wenye hela wako Hong Kong na China bara. Hukaushwa, huloweshwa hadi livimbe, kisha hupikwa taratibu kwenye supu pamoja na tangawizi. Sangara mwenyewe simlilii sana. Aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na akawatafuna furu wetu, wale samaki wadogo wa asili, aina kwa aina. Kinachowakosesha watu usingizi ni totoaba, samaki mkubwa wa Ghuba ya California. Mexico ilipiga marufuku kumvua mwaka 1975, ila bondo lake lina bei ya dawa za kulevya, basi nyavu zinazidi kutegwa, na humo humo ananasa vaquita, pomboo mdogo ambaye waliobaki duniani ni wa kuhesabu kwa vidole. Hoja ya kutafuta bondo lisilomuua samaki ndiyo hiyo, sina la kuongeza.

Turudi kwenye kero yangu. Kuzidisha seli ndiyo sehemu rahisi! Seli za samaki hata zina hisani: nyingi huendelea kugawanyika muda mrefu ambapo za mamalia zingeshachoka, wala hazidai nyuzi joto 37, za samaki wa maji ya joto zinaridhika na 28 hivi. Unazilisha, majimaji yake mekundu yanageuka manjano zikishatoa tindikali, unabadilisha, zinaendelea. Kwenye hadubini utaziona fibroblasti, yaani seli zinazotengeneza nyuzi za mwili, nyembamba, zimechongoka ncha mbili, zimelala zote upande mmoja. Picha inapendeza. Mtu anaipiga, anairusha mtandaoni, na kesho yake ninapigiwa simu kuulizwa bondo litaingia sokoni lini.

Lakini mnywaji wa supu ile hatafuti seli. Anachotafuna ni kolajeni, yaani nyuzi ambazo seli zilizitoa nje yao, zikasukwa, zikapangwa tabaka juu ya tabaka kwenye ukuta wa mfuko uliokuwa unajaa hewa na kuvutika maisha yote ya samaki. Seli ni sehemu ndogo tu ya kile kipande.

Na kolajeni haiji kwa kuombwa. Bila vitamini C minyororo yake haishikani vizuri, ndiyo hadithi ile ile ya kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini hiyo. Ukishaitia vitamini, bado: kolajeni hutoka kwenye seli ikiwa ghafi, na lazima vimeng'enya viikate ncha ndipo nyuzi zianze kujisuka. Mwilini nafasi ni ya kubanana, hivyo kolajeni na vimeng'enya vinakutana upesi. Kwenye sahani kuna bahari ya majimaji, vinapotezana, halafu mimi mwenyewe nikibadilisha chakula cha seli namwaga sehemu ya mavuno. Tunachofanya ni kuongeza molekuli kubwa ambazo seli hazizili, ili kuleta msongamano wa makusudi. Inasaidia sana, na ni jambo ambalo wanaoanza hulipita kama vile ni kachumbari. Baada ya hapo nyuzi zinatakiwa kufungamana zenyewe kwa zenyewe, kwa kimeng'enya kinachotaka madini ya shaba, na kinachotaka muda. Samaki alipewa miaka. Mimi mwekezaji ananipa robo mwaka.

Kwa hiyo kipimo ninachokiamini ni sufuria. Bondo halisi ukilitokosa kwa moto mdogo linalainika, linateleza, lakini linabaki kipande cha kushika kwa kijiko. Utando wa maabara ambao haujakomaa ukiingia mle unayeyuka, umebaki na uji wa gelatini. Huku ripoti inasema kolajeni ipo tele! Tumepima haidroksiprolini, kijenzi cha kolajeni kinachotumika kukadiria kiasi chake, namba imepanda, wakubwa wamefurahi. Kiasi na mpangilio ni vitu viwili.

Unene nao una kesi yake. Seli iliyo mbali na chakula na oksijeni, hata sehemu ndogo ya milimita, hufa. Ndiyo maana ile baga ya nyama ya maabara ya mwanasayansi Mark Post iliyoliwa London mwaka 2013 iliunganishwa kutoka kwenye vinyuzi vingi vyembamba. Bondo lina nafuu kidogo, kwani ukuta wake si mnene na seli zake ni chache. Kampuni ya Avant Meats ya Hong Kong walilianza mapema, na mwaka 2019 walionyesha la kwao.

Sasa yale ambayo hayamo kwenye vitabu. Nikitumia kiunzi cha mwani, yaani fremu ya kushikilia seli, ili kipande kisiyeyuke, kinakaa vizuri sana sufuriani, ila wingi wa unachotafuna unakuwa mwani. Niite bondo? Wenzangu wengine wanasema ndiyo. Mimi bado nasitasita, na ninapoandika maelezo ya bidhaa kalamu inakuwa nzito.

Soko pia linanitia wasiwasi. Wapo wanaonunua bondo kubwa la totoaba kama dhahabu, wanaliweka, wanalitoa zawadi. Huyo thamani yake iko kwenye uhaba, na la kwangu halimgusi hata likiwa tamu namna gani. Nawaza zaidi mnunuzi wa kawaida wa supu ya harusi, na hapo mshindani wangu ni sangara, si totoaba. Kwa maneno mengine naweza kuishia kumbana mchuuzi wa Mwanza bila kumsaidia vaquita hata mmoja. Wavuvi wanaoniuliza kama wauze boti zao: msiuze. Kwa bei ya chakula cha seli ilivyo, hata mimi bondo la kwangu nisingelinunua.