Si viingilio vinavyoikuza klabu ya raga

Kuna ujumbe usiokufa kwenye magrupu: klabu ya raga ya wachezaji 13 ikihamia mji mpya, uwanja ukijaa tu, itajiendesha.

Sivyo. Tiketi ni fungu moja. Mengine hutoka kwenye haki za matangazo ya televisheni, wadhamini na mfuko wa mmiliki. Melbourne Storm, klabu iliyoanza kucheza ligi kuu ya Australia (NRL) mwaka 1998, katika jiji linalopenda soka ya Kiaustralia, ilitwaa ubingwa 1999, na bado ilibebwa miaka mingi na kampuni ya habari iliyoimiliki. Kwa timu ya Papua New Guinea inayotarajiwa kuingia ligi hiyo 2028, serikali ya Australia iliahidi dola milioni 600 za nchi hiyo kwa miaka 10. Nazo si za klabu peke yake: sehemu ni ya kukuza mchezo.

Kosa linaeleweka. Zamani, kabla ya televisheni, mlangoni ndiko pesa zilikotoka, na mashabiki ndio tunaowaona kwenye skrini; mikataba hatuioni.

Ukitaka kuhakiki, tafuta hesabu za mwaka za klabu, nyingi za Uingereza husomwa bure mtandaoni, uangalie safu ya mapato. Ujumbe huo ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze.