Gandisha maembe msimu huu, lakini osha kwanza

Mvua za Novemba zikishaanza, Lubumbashi hujaa maembe. Katika mitaa yake ya Katuba, Kenya na Ruashi, karibu kila barabara kuna mama aliyepanga mafungu yake, na miti ya viwanjani inaangusha mengi kuliko watoto wanavyoweza kumaliza. Baada ya muda si mrefu maembe hayohayo yanaozea kwenye mifereji. Sisi wa huduma ya lishe hasara hiyo inatuuma, kwa sababu msimu ukipita tunapokea watoto ambao asubuhi wamekunywa chai ya sukari na kipande cha mkate mkavu, basi. Embe bivu lina beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na friza haiiharibu sana. Vitamini C hupungua kiasi, lakini nyingi hubaki. Mwenye friza, au mwenye jirani mwenye friza, anaweza kula embe miezi kadhaa baada ya msimu.

Kabla ya mapishi yoyote, kuna jambo naomba lieleweke: baridi haiui vijidudu. Bakteria wengi hunyamaza tu kwenye barafu na kuamka ikiyeyuka; virusi vya kuharisha navyo huvumilia baridi bila shida. Mwaka 2012 nchini Ujerumani watu karibu 11,000, wengi wao watoto wa shule, walitapika na kuhara kwa sababu ya stroberi zilizogandishwa zilizokuwa na norovirusi. Hiyo ni nchi yenye maji safi ya bomba. Sisi tunaoishi katika mji unaokijua kipindupindu hatuna ruhusa ya kuzembea hapo.

Kwa hiyo nawa mikono kwa sabuni, kisha osha embe likiwa zima, kabla ya kulimenya. Wengi huruka hatua hii kwa kuwa ganda litatupwa. Lakini kisu kinapopita kwenye ganda chafu, huingiza uchafu huo ndani ya nyama ya tunda, na ukishaingia hautoki. Tumia maji yaliyochemka kwa dakika moja nzima yakitokota, au yaliyotiwa klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Kisu na ubao visiwe vilevile vilivyotoka kukata nyama au samaki.

Kata vipande vidogo, kama ncha ya kidole gumba, uvitandaze kwenye sinia visigusane. Acha kwenye friza saa chache hadi viwe vigumu, ndipo uvitie kwenye mifuko na kukamua hewa. Ukijaza mfuko mnene moja kwa moja, tunda litaganda polepole. Barafu inayojijenga polepole hufanya chembe kubwa zinazochana nyama ya tunda, na siku ya kuyeyusha utapata uji wa maji. Tena mfuko huo utakuwa jiwe, huwezi kuchukua kidogo. Funga kipimo cha asubuhi moja katika kila mfuko, uandike tarehe. Ndizi imenywe kabla ya kugandishwa. Parachichi lipondwe na maji ya limau ili lisiwe jeusi.

Embe lililoganda halitarudi kuwa embe la kuuma, hata ukifanya vizuri namna gani. Mahali pake ni kwenye uji na vinywaji. Kwa uji napenda hivi: pika uji wa unga wa mahindi, au wa mahindi na soya, uutoe kwenye makaa, ukoroge kijiko cha karanga zilizosagwa, kisha dondosha vipande vya embe vikiwa bado barafu. Embe linayeyuka, uji unapoa haraka hadi mtoto aweze kuunywa, na mafuta ya karanga yanausaidia mwili kufyonza beta-karotini. Sukari haihitajiki.

Kwa kinywaji, saga embe pamoja na maziwa ya mgando au maziwa ya soya. Usipokuwa na blenda, acha vipande vilainike kidogo, viponde kwa uma au kinu safi, umimine maziwa na kukoroga. Usichuje, nyuzinyuzi zibaki. Papai na nanasi ukichanganya na maziwa, kunywa palepale, kwani vimeng'enya vyake huyageuza maziwa kuwa machungu, na kuganda hakuvizuii. Mgonjwa wa kisukari apime kikombe kidogo, na mtoto wa chini ya miezi 6 asipewe chochote cha haya: yeye ni ziwa la mama tu.

Umeme ukikatika, usifungue friza. Iliyojaa hushika barafu kwa saa 48 hivi, ya nusu kwa saa 24; ndiyo maana nafasi tupu zijazwe chupa za maji yasiyofika shingoni. Gandisha pia kikombe cha maji, uweke kijiwe safi juu ya barafu. Ukirudi kutoka safarini ukakuta kijiwe kimezama, jua kwamba kila kitu kiliyeyuka ukiwa haupo, hata kama sasa kimeganda tena. Vitupe. Usitegemee pua, maana vijidudu vingi havina harufu. Ukikuta umeme umerudi na vipande bado vina barafu ndani, waweza kuvigandisha tena. Vikiwa laini lakini baridi kama ya friji, vipike jamu siku hiyohiyo.

Pakiti za dukani nazo zichunguze. Matunda yasikike yakitembea ndani. Yakiwa bonge moja lenye barafu nyingi, yaliwahi kuyeyuka njiani au dukani, yaache. Na kwenye friza ya nyumbani, au ile ya jirani mnayochangia, matunda yakae juu, nyama mbichi na samaki chini, ili damu isidondokee chakula ambacho hakitapikwa.